Tiba ya Viungo na Tiba kwa Vitendo kwa Mtoto Nchini Marekani: Lipi la Shule, Lipi la Kliniki

Daktari ameandika kwamba mtoto anahitaji tiba ya viungo mara mbili kwa wiki. Mzazi anaipeleka barua ile shuleni kwa matumaini, na baada ya wiki kadhaa anajibiwa kuwa timu ya shule haikuona haja ya tiba. Anabaki kujiuliza amwamini nani. Jambo ambalo hakuna aliyemweleza ni kwamba daktari na shule hawakuulizwa swali moja.

Kliniki huuliza: mwili wa mtoto huyu unahitaji nini ili ufanye kazi vizuri zaidi, usiumie, usizidi kudhoofika? Shule huuliza: ni nini kinachomzuia mtoto huyu kusoma, kuandika, kukaa darasani, kufika bwaloni, kwenda chooni na kucheza na wenzake katika siku ya masomo? Kwa hiyo shule ikisema hapana, haijasema mtoto ni mzima. Na daktari akisema ndiyo, hajaifunga shule kamba. Mtoto mmoja anaweza kustahili zote mbili kwa wakati mmoja, moja tu, au asistahili yoyote.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi anayeishi Marekani na mwanawe yuko, au karibu ataingia, shule ya umma. Sheria ninazozitaja ni za serikali kuu. Majimbo huongeza ya kwao juu yake. Kwenye makaratasi utakutana sana na herufi mbili mbili. OT ni tiba kwa vitendo: matumizi ya mikono, kuvaa, kula, kuandika, na namna mtoto anavyovumilia kelele, mguso au msongamano wa watu. PT ni tiba ya viungo, yaani fiziotherapia: nguvu, mizani ya mwili, kutembea, kupanda ngazi, kuhama kutoka kiti kimoja kwenda kingine.

Hatua ya 1: Andika yanayomshinda, na mahali yanapomshindia

Kabla ya kumpigia mtu simu, chukua karatasi uigawe sehemu mbili. Upande mmoja uwe wa shule, mwingine wa nyumbani na kwingineko. Kisha kwa wiki moja au mbili andika unachokiona na anachokuambia mwalimu. Usiandike jina la ugonjwa, andika tendo. "Ana mtindio wa ubongo" haimsaidii mtu kupanga tiba. "Hawezi kupanda ngazi za basi la shule bila kushikwa" inasaidia.

Ugawaji huu ndio utakaokuonyesha mlango wa kubisha. Kushindwa kufunga zipu ya koti wakati wa mapumziko ni la shule. Kushindwa kuingia bafuni kuoga ni la nyumbani, na shule haitalishughulikia hata ukilia machozi. Mwandiko usiosomeka ni la shule. Misuli ya mguu inayokaza usiku hadi mtoto anaamka analia ni la kliniki. Kuna yanayoangukia pande zote mbili, na hayo ndiyo huleta mabishano: mtoto anayetembea kwa vidole vya miguu, kwa mfano. Kliniki itataka kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu kabla haijafupika. Shule itataka kujua kama anaanguka kwenye korido, kama anachoka kabla ya kufika darasani, kama anaachwa nyuma katika michezo. Ikiwa haanguki, hachoki wala haachwi nyuma, shule inaweza kusema haina la kufanya, na ikawa imesema kweli.

Kula ni mfano mwingine. Mtoto anayekataa vyakula vingi kwa sababu ya hisi za mdomoni huhudumiwa zaidi na kliniki. Lakini kama anapaliwa akila chakula cha mchana shuleni, usalama wake pale mezani ni jukumu la shule, na mtaalamu wa shule anapaswa kuhusika.

Hatua ya 2: Tazama umri wake

Mtoto aliye chini ya miaka 3 hayuko chini ya shule. Kila jimbo lina mpango wa huduma za mapema kwa watoto wachanga na wadogo, ulioingizwa katika sheria ya nchi mwaka 1986. Mzazi mwenyewe anaweza kupiga simu kuomba. Huhitaji kumsubiri daktari. Tangu siku mtoto alipotajwa kwao, wana siku 45 za kumpima na, akikubaliwa, kukaa kikao cha kwanza cha kupanga huduma. Kupimwa ni bure. Huduma zenyewe katika baadhi ya majimbo huwa na mchango unaotegemea kipato cha familia. Uzuri wa mpango huu ni kwamba mtaalamu mara nyingi huja nyumbani, na tiba inaweza kusimama peke yake bila kudai mtoto awe kwenye elimu maalumu.

Akitimiza miaka 3, mambo yanahama. Sasa wilaya ya shule ndiyo inayohusika, na masharti yanakuwa mengine. Watoto wengi hupotea hapa katikati: huduma za mapema zimekwisha, za shule hazijaanza. Sheria inataka kikao cha mpito kifanyike angalau siku 90 kabla ya siku ya kuzaliwa ya tatu. Mtoto akifika miaka 2 na nusu, anza kuulizia kikao hicho wewe mwenyewe.

Hatua ya 3: Iombe shule kwa maandishi

Sheria inayoitwa IDEA, ile ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ndiyo msingi wa yote yanayofuata. Ilipitishwa mwaka 1975 kwa jina jingine, ikapewa jina la sasa mwaka 1990, na marekebisho yake makubwa ya mwisho ni ya mwaka 2004. Ndani yake tiba hizi mbili zimetajwa kama huduma saidizi: hutolewa pale mtoto anapozihitaji ili anufaike na elimu maalumu. Mzazi halipi chochote.

Maneno ya mdomo langoni mwa shule, hata kwa mwalimu mkarimu kiasi gani, hayahesabiki sana. Andika barua, weka tarehe, baki na nakala. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili kama ndiyo lugha unayoimudu. Haihitaji ufundi:

"Mimi ni mzazi wa (jina), wa darasa la (taja). Naomba mwanangu afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu, pamoja na tathmini ya tiba kwa vitendo na tiba ya viungo. Shuleni anashindwa (taja mambo matatu au manne kutoka upande wa shule wa karatasi yako). Naomba jibu la maandishi na fomu ya ridhaa. Lugha yangu ni Kiswahili. Naomba mkalimani katika vikao vyote."

Hapa pana mtego mdogo. Wazazi wengi huhesabu siku kuanzia barua ilipopelekwa. Kwa sheria ya nchi, siku 60 za kukamilisha tathmini huanza kuhesabiwa shule inapopokea ridhaa yako iliyotiwa saini, na baadhi ya majimbo yana hesabu yao tofauti. Kwa hiyo fomu ya ridhaa ikija, isikae mezani. Na isipokuja, andika tena kuuliza iko wapi. Shule ikikataa kumpima, lazima ikuandikie sababu.

Barua ya daktari iambatishe, maana timu inatakiwa kuzingatia taarifa unazoleta. Ila usitegemee kwamba maneno "mara mbili kwa wiki" yatahamia shuleni kama yalivyo. Uamuzi wa kiasi cha tiba shuleni ni wa timu, na wewe ni mmoja wa timu hiyo. Baadhi ya majimbo yanataka amri ya daktari hata kwa tiba ya shuleni; wakikuomba karatasi hiyo, ni kutimiza masharti ya leseni ya mtaalamu, haina maana kwamba daktari ndiye atakayepanga ratiba.

Hatua ya 4: Kikao

Ili mtoto apate tiba kupitia IDEA, kwanza lazima aonekane ana ulemavu ulio katika moja ya makundi 13 ya sheria hiyo, na kwamba kwa sababu yake anahitaji elimu maalumu. Tiba hufuata baada ya hapo. Mtoto anayefanya vizuri darasani kabisa lakini anahitaji tiba tu, kwa kawaida hapiti mlango huu. Kwake kuna mlango wa pili: kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973 inayokataza kuwabagua watu wenye ulemavu katika taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu. Mpango wa 504 unaweza kumpa marekebisho ya darasani, na tiba pia inapohitajika. Shule nyingi huutumia kwa marekebisho tu, kama kiti kinachofaa au muda wa ziada, na hazikukumbushi kwamba tiba nayo inaweza kuingia. Waulize.

Timu ikishaamua kwamba mtoto anastahili, ina siku 30 za kukaa kikao cha kuandika mpango wake wa elimu, ule unaofahamika kwa herufi IEP. Shule inatakiwa kufanya kila linalohitajika uelewe yanayosemwa kikaoni, pamoja na kukuletea mkalimani, bila kukutoza. Usikubali mtoto wako mkubwa akalimani. Hajui maneno ya kitaalamu, na si haki abebe mzigo wa kukueleza kwamba mdogo wake yuko nyuma miaka miwili.

Mezani utakuta watu sita, saba, wote wanaongea haraka. Sisi tuliolelewa tukimheshimu mwalimu huona vigumu kumkatiza mbele ya wenzake. Mkatize, kwa adabu. Unaweza kuomba karatasi za tathmini kabla ya siku ya kikao ili uzisome nyumbani, na unaweza kuomba kikao kingine mkishindwa kumaliza. Si lazima usaini pale pale. Tiba na huduma nyingine haziwezi kuanza kwa mara ya kwanza bila ridhaa yako.

Swali linalofaa kuliko yote katika kikao hicho si "mtampa tiba mara ngapi?" Ni "mnataka aweze kufanya nini ifikapo mwakani?" Katika IEP malengo ni ya mtoto, na tiba huja nyuma ya lengo. Lengo likiwa dogo au halieleweki, tiba itakuwa ndogo. Likiandikwa kwamba mtoto atatembea mwenyewe kutoka kwenye basi hadi darasani akitumia fremu ya kutembelea, ndani ya muda unaojulikana, hapo itabidi mtu mwenye ujuzi amfikishe. Lete malengo yako mawili au matatu uliyoyaandika mwenyewe, hata kwa maneno ya kawaida. Kazi yao ni kuyaweka katika lugha ya mpango.

Hatua ya 5: Soma mpango na kalamu mkononi

Tafuta ukurasa wa huduma. Lazima uonyeshe mambo haya: mara ngapi, dakika ngapi kila mara, wapi, na kuanzia lini hadi lini. "Kadiri itakavyohitajika" si kipimo, omba tarakimu. Angalia pia kama huduma ni ya mtaalamu kukaa na mtoto mwenyewe, kukaa naye akiwa na wenzake kadhaa, au ya kumshauri mwalimu tu.

Hiyo ya mwisho huwaudhi wazazi. Mtaalamu anakuja, anazungumza na mwalimu, anabadilisha kiti na namna ya kushika kalamu, anaondoka. Mzazi anaona amenyimwa. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi hii ndiyo huduma yenye faida kubwa, kwa sababu mtoto yuko na mwalimu saa nyingi kila siku, ilhali mtaalamu anampata nusu saa tu. Kiti kilichorekebishwa kinafanya kazi siku nzima. Lakini lazima iandikwe na ihesabiwe kama huduma nyingine yoyote: mara ngapi kwa mwezi, dakika ngapi. Ushauri usioandikwa husahaulika mwalimu anapobadilika.

Kwa nini shule hutoa kidogo kuliko kliniki? Sehemu ya jibu ni upungufu wa wataalamu. Huo haupaswi kuwa sababu ya kumnyima mtoto anachohitaji, na ukiambiwa hivyo kikaoni omba uandikiwe. Sehemu nyingine ni sheria yenyewe. Mwaka 1982, katika kesi ya Rowley, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema shule hailazimiki kumfikisha mtoto kwenye upeo wa uwezo wake. Mwaka 2017, katika kesi ya Endrew F., mahakama hiyo hiyo ikasema mpango lazima uwe umetengenezwa kumwezesha mtoto kupiga hatua zinazofaa kulingana na hali yake, na maendeleo ya kugusa tu hayatoshi. Kwa hiyo ukisema "nataka kilicho bora kabisa", sheria haiko nawe. Ukisema "mwaka huu mzima lengo hili halijasogea, na ripoti zenu wenyewe zinaonyesha hivyo", uko mahali pazuri zaidi.

Uliza pia kuhusu likizo ndefu. Tiba ya shule husimama shule inapofungwa, isipokuwa timu ikiamua kwamba mtoto anahitaji huduma za mwaka uliorefushwa. Mtoto anayepoteza sana alichojifunza kila likizo, na kuchukua muda mrefu kukirudisha, ana hoja nzuri. Weka kumbukumbu za likizo zilizopita.

IEP hupitiwa angalau mara moja kwa mwaka, na tathmini mpya hufanywa angalau kila baada ya miaka 3, isipokuwa wewe na shule mkikubaliana haihitajiki. Huna haja ya kusubiri mwaka uishe ndipo useme. Unaweza kuomba kikao wakati wowote.

Hatua ya 6: Upande wa kliniki

Huku mwenye ufunguo ni bima, na lugha inayofungua ni ulazima wa kitabibu. Kwa kawaida mambo huenda hivi: daktari wa mtoto anaandika barua yenye jina la tatizo na msimbo wake, kliniki inampima mtoto, mtaalamu anaandika mpango wa tiba, mpango unapelekwa kwenye bima kuombewa idhini, idhini inatoka kwa idadi fulani ya miadi, miadi ikikaribia kwisha, inaombwa upya kwa ushahidi kwamba mtoto anaendelea.

Kabla ya miadi ya kwanza, piga namba iliyo nyuma ya kadi ya bima uulize haya, na uandike jina la aliyekujibu pamoja na tarehe. Kliniki hii imo kwenye mtandao wenu, yaani orodha ya kliniki mlizoingia nazo mkataba? Miadi mingapi kwa mwaka? Idadi hiyo ni ya kila tiba peke yake, au tiba ya viungo, tiba kwa vitendo na tiba ya usemi zinagawana? Nitalipa kiasi gani kila nikienda? Na hili ambalo watu husahau: mnalipia tiba ya kumjengea mtoto uwezo ambao hajawahi kuwa nao, au ile tu ya kumrudishia uwezo aliopoteza? Mtu mzima aliyepata kiharusi anarudishiwa. Mtoto aliyezaliwa na mtindio wa ubongo hana cha kurudishiwa, anajengewa. Bima isiyolipia kujenga itamkataa mtoto huyo bila kujali hali yake ni nzito kiasi gani.

Familia yenye Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ina nguvu ambayo wengi hawaijui. Kuna sehemu ya Medicaid iitwayo EPSDT, inayohusu kila mtoto aliyeandikishwa kikamilifu, hadi kabla ya kutimiza miaka 21. Inalitaka jimbo kulipia huduma inayohitajika kitabibu kurekebisha tatizo au kulipunguza, hata kama jimbo halilipii huduma hiyo kwa watu wazima. Neno "kulipunguza" ni zito hapa: mtoto hahitaji kuwa njiani kupona ili astahili tiba. Kuzuia hali isizidi kuwa mbaya nako kunaweza kuwa sababu ya kutosha.

Yapo mambo ambayo ni ya kliniki peke yake, na ni kupoteza muda kuyapeleka shuleni: tiba baada ya upasuaji, tiba kali ya wiki kadhaa baada ya sindano za kulegeza misuli, shingo ya mtoto mchanga iliyopinda, maumivu, kupima vifaa vya kushikilia miguu. Kiti cha magurudumu cha kwake binafsi nacho hupitia bima. Shule hushughulikia vifaa anavyohitaji kwa ajili ya masomo, na kifaa kilichonunuliwa na shule ni mali ya shule.

Kaa ndani ya chumba cha tiba ikiwa wanaruhusu. Kliniki nzuri humfundisha mzazi, maana saa moja kwa wiki haishindi saa nyingine zote mtoto alizo nyumbani. Omba wakupe mazoezi machache unayoweza kweli kuyafanya wakati wa kuvaa, kuoga au kula. Orodha ya mazoezi 15 hakuna mzazi anayeimaliza, na mtaalamu anayeitoa anajua hivyo. Usikose miadi kimyakimya. Kliniki nyingi humwondoa mgonjwa baada ya kukosa mara chache bila taarifa, na foleni ya kurudi ni ndefu.

Na mtaalamu akikuambia tiba isimame kwa miezi kadhaa, usichukulie kwamba mtoto ametupwa. Tiba ya kliniki mara nyingi huja kwa vipindi: malengo yanafikiwa, mtoto anapumzika na kutumia alichojifunza, kisha anarudi anapokua au jambo linapobadilika. Muulize tu ni dalili zipi zikitokea umrudishe.

Hatua ya 7: Bima ikisema "hilo ni la shule"

Hii hutokea, na shule nayo husema "hilo ni la bima", mtoto akabaki katikati. Hapa ndipo karatasi yako ya hatua ya kwanza inapofanya kazi. Mwombe mtaalamu wa kliniki aandike barua inayoonyesha malengo yasiyo ya darasani: misuli isikaze, mtoto aweze kuhama kutoka kitandani, ale bila kupaliwa nyumbani, asianguke kwenye ngazi za nyumba yenu. Ambatisha IEP kuonyesha kwamba malengo ya shule ni mengine kabisa. Barua inayosema tu "anahitaji tiba zaidi" haivuki meza ya kwanza.

Omba kukataliwa kuwe kwa maandishi, kukiwa na sababu. Kwa bima nyingi za binafsi na za kazini una siku 180 za kukata rufaa ndani ya kampuni yenyewe, na ukishindwa unaweza kuomba mapitio ya mtu wa nje. Kwa Medicaid kuna haki ya kusikilizwa mbele ya jimbo. Muda wake umeandikwa kwenye barua ya kukataliwa na unaweza kuwa mfupi. Kama tiba iliyokuwa ikiendelea inakatwa, soma barua hiyo siku ile ile: ukiomba kusikilizwa mapema kabla ya tarehe ya kukatwa, mara nyingi huduma huendelea hadi uamuzi utoke. Fahamu tu kwamba jimbo linaweza kudai gharama hiyo ukishindwa.

Kwa upande wa pili, shule haiwezi kukulazimisha utumie bima yako kulipia kilichomo kwenye IEP. Inaweza kukuomba ruhusa ya kuidai Medicaid, na ukikataa, huduma lazima ziendelee vilevile. Ukikubali, hairuhusiwi kuitumia kwa namna itakayopunguza stahili za mtoto au kukufanya ulipie mfukoni huduma anazohitaji nje ya shule. Ikiwa unaona miadi ya kliniki imeanza kupungua bila maelezo, uliza shule imekuwa ikidai nini.

Hatua ya 8: Waunganishe

Mtaalamu wa shule na wa kliniki hawazungumzi hadi wewe uwaruhusu. Kumbukumbu za shule zinalindwa na sheria moja, za hospitali na nyingine, na kila upande una fomu yake ya ruhusa. Saini zote mbili, uandike wazi unataka wapeane nini.

Inafaa zaidi kwa vitu vinavyovaliwa au kutumiwa pande zote mbili. Kliniki imempa kifaa cha mguu, shule haijui kivaliwe saa ngapi, mtoto anakivua saa nne asubuhi. Au shule inamfundisha kuandika kwa kompyuta, kliniki bado inahangaika na penseli. Mtoto mmoja, mikono miwili ileile. Usitarajie wafanye mazoezi yanayofanana, lakini wasipingane.

Hatua ya 9: Shule ikikataa au ikipunguza

Kwanza omba barua ya uamuzi yenye sababu. Ni haki yako kila shule inapotaka kubadilisha huduma au inapokataa ombi lako. Ukiisoma ukaona tathmini yenyewe ilikuwa mbovu, kwa mfano mtaalamu hakumwona mtoto akipanda ngazi wala akila, unaweza kuomba tathmini huru kwa gharama ya umma. Wilaya ina njia mbili tu: iilipie, au ianzishe shauri kutetea tathmini yake bila kuchelewa.

Mkiendelea kutoelewana kuna usuluhishi, ambao ni wa hiari na wa bure. Kuna malalamiko kwa jimbo, kwa jambo lililotokea ndani ya mwaka mmoja, nayo hutolewa uamuzi ndani ya siku 60 kwa kawaida. Na kuna shauri kamili, ambalo huchosha. Kwa tiba iliyoandikwa lakini haitolewi, mtaalamu kaacha kazi na hakuletwa mwingine, malalamiko kwa jimbo ndiyo njia nyepesi: una karatasi inayosema dakika ngapi, na shule haina karatasi ya kuonyesha imezitoa. Katika malalamiko hayo unaweza kuomba dakika zilizokosekana zifidiwe kwa tiba.

Kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha mafunzo na taarifa kwa wazazi wa watoto wenye ulemavu, kinachofadhiliwa na serikali kuu. Hawatozi. Wapigie kabla ya kikao kigumu, si baada yake. Na kama hofu yako ni karatasi za uhamiaji, ujue kwamba tangu mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, Mahakama Kuu ilizuia shule za umma kumnyima mtoto elimu kwa sababu ya hadhi yake ya uhamiaji.

Hatua ya 10: Anapokua

Tiba ya shule hupungua na umri mara nyingi, na si kila punguzo ni dhuluma. Kijana wa sekondari anayejua kuendesha kiti chake na kutumia kompyuta huenda anahitaji mtaalamu mara chache kwa mwaka. Lakini ifikapo miaka 16, au mapema zaidi katika baadhi ya majimbo, IEP lazima iwe na mpango wa maisha baada ya shule, na hapo tiba inaweza kurudi kwa sura nyingine: kupanda basi la mjini, kupika, kujaribu kazi.

Haki za IDEA huisha kijana anapopata cheti cha kawaida cha sekondari, au anapofikia ukomo wa umri, ambao ni kama miaka 21 au 22 kutegemea jimbo. EPSDT nayo huisha akitimiza 21. Kliniki za watoto huwa na ukomo wao wenyewe, wakati mwingine mapema kuliko huo. Waulize ni upi, na wakupe jina la kliniki ya watu wazima inayompokea mgonjwa mwenye hali ya mwanao, angalau mwaka mmoja kabla, kwa kuwa foleni za huko huanza upya.